Sura ya Nne: Visiwa Visivyo na Bahari

Barabara ya Garissa huanzia Thika. Ikishatoka mjini hupita Makongeni, mtaa wa nyumba za kupanga, gereji, maduka ya jumla na vibanda vya mama mboga, kisha hukata mashamba ya mananasi ya Del Monte na kuelekea Matuu, Mwingi na nyika ya mashariki. Malori ya trela huipita Makongeni mchana na usiku yakiwa na unga, mafuta ya kupikia, saruji, mabati na sabuni, na sehemu ya shehena hiyo imetoka katika viwanda vya Thika yenyewe. Zaidi ya kilomita 300 mbele kuna mto Tana na daraja lake. Ng'ambo ya daraja ni mji wa Garissa, na nyuma ya Garissa kuna Dadaab, Wajir na Mandera, mamia ya maelfu ya watu wanaoutegemea uzi huo mmoja wa lami.

Malori hayaendi peke yake. Maji ya Thika nayo huelekea huko huko. Mto Chania na mto Thika hukutana mjini, karibu na maporomoko ya Blue Post, kisha mto Thika huteremka hadi bwawa la Masinga na kuungana na Tana. Ruiru, mji jirani ulio mwendo mfupi tu kuelekea Nairobi, una hadithi tofauti: maji ya mto wake huenda Athi, hupita maporomoko ya Fourteen Falls, na hatimaye huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Lakini mvua kubwa inayonyesha katika milima ya Nyandarua, ikalijaza bwawa la Ndakaini lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70 na kumwagika kwenye mto Thika, imeshaanza safari ya kwenda Garissa. Baada ya siku kadhaa itakutana tena na barabara ileile iliyoachana nayo Thika, mahali panapoitwa Mororo.

Mororo iko upande wa Kaunti ya Tana River, jirani na Madogo, kabla tu ya daraja la kuingilia Garissa. Daraja lenyewe ni refu na imara. Udhaifu uko kwenye barabara inayolielekea, ambayo imelala chini katika uwanda wa mto. Tana ikifurika, na mikondo ya msimu ambayo wenyeji huiita laga ikijaa kwa wakati mmoja, daraja hubaki limesimama salama huku pasiwe na njia ya kulifikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za vuli mwaka huo zingezidi kiasi kwa sababu ya El Niño. Mwezi Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba makadirio ya wataalamu yalikuwa yamebadilika, na kwamba mvua itakuwa kubwa ila haitafikia kiwango cha El Niño. Wiki chache baadaye, maeneo mengi ya kaskazini mashariki yalikuwa chini ya maji. Kufikia Desemba watu zaidi ya 170 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Malori yaliyokuwa yameondoka Thika yakiwa na vyakula yalipanga foleni Madogo, madereva na utingo wao wakiiona Garissa kwa macho na wasiweze kuifikia.

Miezi mitano baadaye ilijirudia. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lenye abiria 51 lilisombwa na maji eneo la Tula, Kaunti ya Tana River, kwenye njia hiyo ya Garissa. Abiria walipanda juu ya paa wakaokolewa wote. Tarehe 28 mwezi huohuo bahati haikuwepo tena: boti iliyokuwa ikivusha watu eneo la Kona Punda ilizama. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kwamba watu 23 wameokolewa, na siku zilizofuata zikawa za kutafuta miili. Abiria wa boti ile hawakuwa wavuvi wala mabaharia. Walikuwa wasafiri wa kawaida wa nchi kavu, ambao siku nyingine yoyote wangevuka ndani ya basi.

Hapa ndipo somo la visiwa linapoihusu Kenya ya bara. Vitabu vya usimamizi wa majanga vimejaa mifano ya visiwa vya mbali vilivyopigwa na tufani, kwa sababu kisiwani kila kosa la usafirishaji huonekana wazi: bandari ikivunjika na uwanja wa ndege ukifungwa, msaada umekwama. Garissa ya Aprili 2024 ilikuwa katika hali hiyohiyo. Serikali iliyojiandaa kwa malori peke yake ilijikuta inahitaji boti na helikopta, na hivyo viwili havipatikani kwa kutoa amri ya saa moja.

Tufanye hesabu. Trela moja inayopita Makongeni hubeba takriban tani 28, yaani magunia 311 ya mahindi yenye kilo 90 kila moja. Helikopta aina ya Mi-17, farasi wa kazi wa shughuli za misaada duniani, hubeba takriban tani 4, yaani magunia 44. Kwa hiyo shehena ya lori moja inahitaji safari 7 za helikopta, kwa mafuta na gharama isiyolinganishwa na ya lori. Sasa chukua mji wenye watu 10,000 waliohamishwa. Wakipewa gramu 400 za nafaka kwa siku kila mmoja, wanahitaji tani 4: safari moja ya helikopta kila siku, kwa nafaka tu, bila maharagwe, mafuta wala chumvi. Maji ndiyo yanayovunja hesabu kabisa. Kiwango cha chini kinachokubaliwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 10,000 wanahitaji lita 150,000, na huo ni uzito wa tani 150 kila siku. Hakuna jeshi duniani linalokubali kurusha tani 150 za maji kila asubuhi. Kinachosafirishwa ni dawa ya kutibu maji, mitambo midogo ya kuchuja, matangi ya kukunja, pamoja na mtu anayejua kuvitumia.

Vitu hivyo ni vyepesi na havivutii mbele ya kamera. Picha zinazopendwa ni za kiongozi akikabidhi mfuko wa unga. Ndiyo maana lori la unga huondoka kwa haraka, na katoni za dawa ya maji hukumbukwa kipindupindu kikishaingia.

Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ililipata somo hili kwa uchungu huko Puerto Rico. Tarehe 6 Septemba 2017 tufani Irma ilipita karibu na kisiwa hicho na kuviharibu vibaya Visiwa vya Virgin vilivyo jirani. Shirika la serikali la majanga, FEMA, lilichukua akiba iliyokuwa katika ghala lake la Puerto Rico na kuipeleka kwa majirani. Ulikuwa uamuzi wa utu. Lakini wiki mbili baadaye, tarehe 20 Septemba, tufani Maria iliipiga Puerto Rico kwa nguvu zake zote na kulikuta ghala karibu tupu. FEMA yenyewe ilikiri hayo katika ripoti yake ya Julai 2018.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila afisa wa kaunti. Meli zilifika. Katika bandari ya San Juan yalirundikana makontena yapatayo 10,000 yenye chakula, maji na dawa, na hayakutoka. Dizeli ilikuwa adimu, barabara zilizibwa na miti na nguzo za umeme, minara ya simu ilikuwa chini, na madereva wa malori hawakupatikana kwa sababu nao walikuwa wahanga: nyumba zao hazina paa, watoto wao hawana maji, simu zao hazishiki. Bidhaa zilikuwa kisiwa kimoja na wenye njaa. Mwaka 2018 zilionekana picha za maelfu kwa maelfu ya chupa za maji zilizoachwa juani kwenye njia ya ndege huko Ceiba.

Dereva aliyekwama Madogo na kontena lililokwama San Juan ni tatizo moja. Bidhaa ipo, fedha zimelipwa, na kipande cha mwisho cha safari hakina mwenyewe.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambako wengi husema Kishimaore, lugha yenye undugu wa karibu na Kiswahili. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilikivamia kwa pepo za zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kimbunga kikali kuliko vyote vilivyopiga kisiwa hicho kwa miaka 90 hivi. Vitongoji vya mabati vilifutika. Ufaransa ina jeshi, fedha na ndege kubwa za mizigo, na ilifungua daraja la anga kutoka Réunion, umbali wa kilomita 1,400 hivi. Hata hivyo mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibika. Isitoshe uwanja wa ndege uko kisiwa kidogo cha Petite-Terre, ilhali hospitali kuu iko Mamoudzou, kisiwa kikubwa cha Grande-Terre, na baina ya visiwa hivyo ni kivuko. Kila katoni iliyoshuka kwenye ndege ilipaswa kupanda pantoni, kisha gari, kisha mgongo wa mtu kupanda mlimani. Siku tano baada ya kimbunga, Rais Emmanuel Macron alipofika, wananchi walimpokea kwa kilio cha maji ya kunywa.

Ikiwa Ufaransa ilihangaika hivyo, Kenya haina sababu ya kuona haya kwa ugumu wa kazi yenyewe. Aibu ingekuwa kukutwa vilevile mara ya tatu.

Afrika Mashariki nayo imeonja kimbunga cha baharini. Mwaka ule wa 2024, kanda ikiwa imelowa tayari, Kimbunga Hidaya kilijisuka katika Bahari ya Hindi na kuelekea pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mfululizo, vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa, na tarehe 4 Mei kimbunga kiliingia kisiwa cha Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Mafia iliponea chupuchupu. Pigo kubwa lilitua mahali ambapo wengi hawakupatazama: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga, mvua ya kimbunga iliposomba makalvati na madaraja. Mikoa miwili ya kusini ikatengwa na jiji. Mabasi na malori yalilala barabarani pande zote mbili. Waziri wa Ujenzi, Innocent Bashungwa, alipiga kambi pale pale, wahandisi wa wakala wa barabara, TANROADS, na makandarasi wakamwaga mawe usiku na mchana, na baada ya siku chache magari yakaanza kupita.

Uamuzi wa kumweka mwenye mamlaka ya kutia saini mahali penyewe palipokatika unastahili sifa. Tingatinga likihitaji dizeli, hakuna barua ya kuzunguka ofisi tano. Kenya ina vyombo vingi, pengine vingi mno, na kila kimoja kina bosi wake. Kipo Kituo cha Kitaifa cha Shughuli za Majanga kilichoundwa mwaka 1998 baada ya El Niño ya 1997. Kipo kitengo cha polisi cha kusimamia majanga. Ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Ipo KeNHA inayosimamia barabara kuu, KenGen inayosimamia mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana, jeshi lenye helikopta, Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) yenye vijana na matingatinga, na kaunti 47 zenye bajeti zao za dharura. Juu ya hao wote, mtu wa kwanza kufika huwa mara nyingi ni mfanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu aliyevaa fulana nyekundu. Katika mafuriko ya 2024 ambayo yaliua karibu watu 300 na kuwahamisha zaidi ya 280,000, maamuzi mazito yalitoka juu kabisa. Tarehe 2 Mei, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, aliwapa saa 24 wakazi wa karibu na mabwawa 178 wawe wamehama. Siku iliyofuata Rais aliahirisha kufunguliwa kwa shule nchini kote, akitaja pia Kimbunga Hidaya.

Amri ya kuhama ni lazima. Ila aliyehamishwa analala wapi usiku ule, na blanketi lake liko ghala gani? Mkasa wa Mai Mahiu wa tarehe 29 Aprili, ambapo maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye handaki chini ya tuta la reli yalipasuka alfajiri na kuua makumi ya watu, ulionyesha kwamba janga huweza kutokea hata penye barabara nzuri, karibu na jiji. Huko waokoaji walifika siku ileile. Garissa malori ya msaada yalikwama. Wananchi wa pande zote mbili ni Wakenya wa katiba moja, na tofauti ya kilichowafikia ilitokana na kilomita chache za lami iliyozama.

Kipo kimoja ambacho Kenya imewapita wengi: fedha huvuka mto bila boti. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ianze mwaka 2007, mama aliyetengwa na mafuriko anaweza kupokea pesa kutoka kwa mwanawe anayefanya kazi gereji Makongeni kabla chai haijapoa. Serikali nayo iliahidi shilingi 10,000 kwa familia za mitaa ya Nairobi zilizopoteza makao. Penye duka lenye bidhaa, pesa ni msaada bora kuliko gunia, kwa kuwa mwenye shida anajua mwenyewe anachokosa. Lakini pesa ikiingia mji ambao rafu za maduka ni tupu, hupandisha bei tu. Basi mwenye duka wa Garissa naye ni sehemu ya mpango wa dharura, awe anajua au hajui. Akikopeshwa kujaza stoo yake Septemba, wiki mbili za barabara kufungwa hazitamaliza unga mjini. Hilo halihitaji helikopta hata moja.

Historia ya pwani yetu inaonyesha gharama ya kuacha kila mtu ajiokoe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa takriban theluthi mbili za mikarafuu na minazi na kuharibu meli za Sultani Barghash zilizotia nanga bandarini. Pemba ilinusurika. Hakukuwa na serikali iliyokuwa na mpango wa kuwainua wakulima wa Unguja. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa, na wenye mashamba wakazama kwenye madeni. Uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia Pemba, na uko huko hadi leo.

Faida moja ambayo Garissa inayo, na ambayo Mafia na Mayotte hazina, ni muda. Kimbunga hubadili njia usiku mmoja, lakini mafuriko ya Tana hutembea polepole na yana vituo. Mvua hupimwa milimani. Ndakaini hupimwa. Masinga, bwawa lenye uwezo wa mita za ujazo bilioni 1.56, hupimwa kila siku, na likikaribia kumwagika KenGen hutoa onyo kwa wakazi wa chini. Kutoka Masinga maji hupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuteremkia uwanda wa Garissa. Katika muda huo trela kadhaa zinaweza kuondoka Thika asubuhi na kuvuka daraja kabla ya giza. Onyo la bwawa kujaa linapaswa kuwa ndiyo amri ya kupakia, si habari ya kusomwa redioni tu. Leo aliye na taarifa za maji yuko ofisi moja, mwenye funguo za ghala yuko nyingine, na mwenye lori anasubiri kulipwa deni la mwaka jana.

Yanayohitajika yanajulikana. Barabara ya Mororo iinuliwe na kuwekewa makalvati makubwa ya kupitisha maji, kwa sababu kuimwagia kokoto kila baada ya mafuriko ni kununua tatizo lilelile upya. Boti za serikali zenye manahodha waliofunzwa na jaketi za kujiokoa za kutosha zikae Madogo na Garissa mwaka mzima, ili msafiri asilazimike kuitia roho yake mikononi mwa boti iliyojaa kupita kiasi. Dizeli ya jenereta za hospitali na dawa ya kutibu maji viwe vimehifadhiwa ng'ambo ya mto. Na kila eneo liwe na afisa mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye uwezo wa kutumia fedha siku hiyohiyo na wajibu wa kueleza hadharani alivyozitumia.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mkazi wa Makongeni mwenye jamaa, mteja au mzigo Garissa asingoje kuona mafuriko kwenye runinga. Aulize Septemba, katika baraza la chifu na kwa mbunge wake: ghala la Garissa lina magunia mangapi, boti ni ngapi na zina mafuta, na Mororo imeinuliwa kwa kimo gani? Wawakilishi wa Thika na wa Garissa hukaa katika bunge moja, na barabara hiyo hulipiwa kwa kodi ya wote.